Boti nyembamba ya kwanza: kuiandaa kabla ya kuingia kwenye mifereji ya Uingereza

Maswali ni yale yale kila msimu. Boti nimekabidhiwa Ijumaa, naweza kuondoka Jumamosi? Mbona chini ya injini kuna maji? Betri nilizikuta nzima, zimekufaje ndani ya miezi michache? Mwongozo huu ni kwa wanaomiliki kwa mara ya kwanza boti nyembamba ya chuma, ile yenye upana wa futi 6 na inchi 10 (mita 2.08), inayopita kwenye mifereji ya Uingereza na Wales.

Jibu la swali la kwanza ni hapana. Jipe siku 7 ukiwa bado umefungwa gatini, karibu na fundi na duka la vipuri. Na kazi ya siku hizo ianzie tezini (sehemu ya nyuma ya boti), si kwenye rangi na mapazia. Mengi yanayoizamisha boti ya namna hii au kuikwamisha njiani yako mita 2 za nyuma: rafadha (pangaboi linaloisukuma boti), shafti (mtaimbo unaoizungusha), injini, dizeli na betri.

Kabla ya kuanza

Karatasi kwanza. Leseni ya aliyekuuzia haihamii kwako; lazima ukate yako kutoka Canal & River Trust, shirika lililochukua kazi ya British Waterways mwaka 2012 na linalosimamia takriban kilomita 3,200 za mifereji na mito. Ukitaka kuingia mto Thames, huko ni Environment Agency, na leseni ni nyingine. Leseni hupewi bila bima inayofidia madhara kwa wengine na cheti cha usalama cha Boat Safety Scheme. Cheti hicho hudumu miaka 4 na huenda na boti, kwa hiyo angalia tarehe yake kabla hujalipa. Jina la boti na namba yake ya usajili vionekane pande zote mbili.

Kama huna mahali pa kudumu pa kufunga, soma kifungu cha 17 cha British Waterways Act ya 1995: chombo kiwe safarini kweli, na kisikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo. Kusogea mita 500 na kurudi hakuhesabiwi kuwa safari.

Vifaa vya kuwa navyo siku ya kwanza:

- Hendeli 2 za kufungulia loki (chumba cha maji chenye malango, kinachopandisha au kushusha boti). Moja ikianguka majini, na itaanguka, safari haisimami. Vichwa viko vya saizi mbili, inchi 1 na inchi 1¼. Nunua yenye matundu yote mawili.
- Ufunguo wa vituo vya huduma (maji, choo, bafu) na ufunguo mdogo wa kufungulia loki zilizowekewa kinga dhidi ya waharibifu.
- Vigingi 4 vya chuma, nyundo ya kilo 2, na ndoano 2 za kushikia kingo za chuma za mfereji.
- Kamba 3: ya omo (mbele), ya tezi na ya katikati. Ya katikati ipime kwa makini: ikianguka majini isifike kwenye rafadha.
- Upondo, ubao wa kushukia, na kamba ya kumtupia aliyeanguka.
- Jaketi okozi, moja kwa kila mtu. La mtoto lilingane na uzito wake.
- Mpira wa maji wa mita 30, wa aina iliyoruhusiwa kwa maji ya kunywa.
- Mita ya umeme, tochi ya kichwani, kisu chenye meno, glavu ndefu za mpira, grisi ya shafti.
- Filta 2 za dizeli, filta 1 ya oili na mkanda 1 wa altaneta, vyote vya injini yako hasa. Andika namba za vipuri ukutani pembeni ya injini.
- Vizima moto, blanketi la moto la jikoni, na kengele za moshi na za kaboni monoksidi.

Hatua kwa hatua

1. Kausha ngama (chini kabisa ya boti, maji yanakokusanyika). Fungua ubao wa sakafu ya tezi. Ukikuta maji, yanyonye yote, futa chuma kwa kitambaa hadi kikauke, halafu acha saa 24. Maji yakirudi, utajua yanatoka wapi. Ngama yenye maji siku zote haikuambii kitu, na ndiyo maana wenye boti hukaa na tundu dogo miezi bila kujua. Jaribu pampu ya ngama: inua swichi ya boya kwa kidole, pampu iwake hata ukiwa umezima swichi kuu. Isipowaka, mara nyingi ni waya uliooza kwenye maungio au fyuzi, si pampu yenyewe. Weka sinia au kitambaa cha kunyonya mafuta chini ya injini ili dizeli isipigwe na pampu kwenda mferejini. Hilo ni kosa mbele ya sheria.

Fanya hivyo hivyo kwenye sehemu ya chini kabisa ya sakafu ndani ya kabati la nyuma. Maji huko yana maana tatu: bomba la maji linavuja, dirisha linavuja, au chuma kimetoboka. Yaguse kwa mkono: yakiwa safi na yenye ubaridi wa tangi, anza na mabomba.

2. Kagua glendi ya shafti. Shafti hupita kwenye tundu lililo chini ya maji. Kinachozuia maji kuingia ni glendi, bomba lililojazwa pete za pakingi (kamba iliyosukwa na kulowekwa grisi) na kubanwa kwa nati 2. Injini ikiwa imezimwa na umeongeza grisi, isidondoke kabisa. Ukiwa safarini, tone moja kwa dakika hivi ni sawa. Pakingi inahitaji unyevu ili isiungue.

Kila jioni, baada ya kuzima injini, zungusha kikombe cha grisi mpaka uhisi kinakataa, kisha basi. Ikiendelea kudondoka, kaza nati zote mbili kwa usawa, sehemu ya sita ya mzunguko kila moja, uwashe injini, uweke gia dakika 10, kisha ushike glendi kwa mkono. Ikiwa na uvuguvugu, sawa. Ikikuchoma, umekaza mno. Legeza upesi, maana shafti inajikata mfereji mdogo ambao hakuna pakingi itakayouziba tena. Nati zikifika mwisho wa nyuzi, pakingi imekwisha, na kazi hiyo mwachie fundi kwa mara ya kwanza. Ukikuta mpira mnene badala ya kikombe cha grisi, hiyo ni glendi isiyodondoka. Usikaze chochote, fuata maelekezo ya aliyeitengeneza.

3. Mfuniko wa rafadha. Juu ya rafadha kuna kisanduku cha chuma chenye mfuniko, mahali unapopenyeza mkono kutoa majani, mifuko ya plastiki na nguo zilizojisokota. Jizoeze ukiwa gatini. Zima injini, toa ufunguo na uutie mfukoni mwako, si kuuacha pale. Fungua, papasa mabawa yote ya rafadha, funga. Kisha fanya jambo ambalo wengi huliruka: washa injini, weka gia ya mbele, na uangalie mfuniko dakika 2. Ukivuja hata kidogo, mpira wa kuzibia umechoka au mfuniko umekaa upande. Rafadha husukuma maji kwa nguvu; mfuniko uliolegea hujaza tezi kwa dakika chache, na boti huzama huku nahodha akidhani inakwenda polepole kwa sababu ya kina.

4. Injini na dizeli. Kila asubuhi kabla ya kuwasha: oili kwa kijiti, kulanti ikiwa injini imepoa, mkanda ukiubonyeza katikati uingie kama sentimita 1, na kizibo cha kutolea maji chini ya filta ya dizeli kifunguliwe kidogo, yamiminike kwenye chupa ya uwazi. Maji hukaa chini, dizeli juu. Ukiona utelezi mweusi kama kamasi, wadudu wa dizeli (vijidudu vinavyoota ndani ya mafuta) wameshaingia kwenye tangi.

Boti iliyokaa bila kusafiri ina maji kwenye tangi karibu siku zote, kwa sababu tangi nusu tupu hutoa jasho usiku wa baridi. Nyonya nusu lita hadi lita moja kutoka chini kabisa ya tangi kwa pampu ya mkono, rudia mpaka itoke dizeli tupu, tia dawa ya kuua wadudu kwa kipimo cha chupani, badilisha filta zote. Kisha lijaze tangi na uendelee kulijaza kila majira ya baridi.

Oili na filta yake badilisha mara tu unaponunua, hata kama muuzaji ameapa kwamba kabadilisha juzi, kisha kila saa 200 hadi 250 za kazi. Tumia daraja la oili lililoandikwa kwenye kitabu cha injini. Injini za zamani kama BMC 1.8 hazitaki oili ya gari la kisasa. Ukinunua dizeli nyekundu utaulizwa sehemu gani ni ya kusukuma boti na gani ya kupasha joto na umeme, maana kodi ni tofauti. Mgawo wa kawaida ni 60 kwa 40, lakini ukweli wa matumizi yako ndio unaotakiwa.

5. Betri. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tulia. Una makundi mawili: betri ya kuwashia injini, na betri za nyumba. Yasichanganyike, ili usiku wa taa na muziki usikuache bila kuwasha asubuhi.

Betri za risasi za kawaida zisishuke chini ya nusu. Betri 4 za Ah (ampea-saa) 110 ni Ah 440 kwa maandishi, Ah 220 za kutumia kweli. Friji ya volti 12 pekee hula Ah 30 hadi 50 kwa siku. Pima kwa mita asubuhi, kabla jua halijagusa paneli na kabla ya kuwasha chochote:

- volti 12.7: zimejaa
- volti 12.5: robo imekwenda
- volti 12.2: nusu, chaji leo
- volti 12.0 au chini: unaziua

Ukishachaji saa moja, mita itaonyesha volti 14 na ushei, nawe utadhani zimejaa. Hazijajaa. Sehemu ya tano ya mwisho huingia polepole sana, saa baada ya saa, na betri isiyofikishwa mwisho hujenga ganda gumu kwenye bamba zake. Ndivyo betri nzima inavyokufa ndani ya miezi. Angalau mara moja kwa wiki zijaze kikamilifu, kwa safari ndefu, kwa paneli za jua au kwa umeme wa gatini. Ukiwa umefunga kando ya wengine, injini haitakiwi kuunguruma kati ya saa 2 usiku na saa 2 asubuhi.

Ukichomeka umeme wa gatini, hakikisha boti ina kizuizi cha mkondo wa kutu kwenye waya wa ardhi. Bila hicho, chuma chako kinaungana kwa waya na chuma cha jirani, na anodi zako za magnesi (vipande vinavyowekwa viliwe na kutu badala ya boti) huliwa kwa ajili ya boti yake.

6. Gesi na jiko la makaa. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi dirishani, inashuka chini ya sakafu na kusubiri cheche. Ndiyo sababu mitungi hukaa kwenye kabati la omo lenye matundu ya kutolea nje. Hakikisha matundu hayajazibwa na majani au kamba. Tumia propeni, si buteni, kwa sababu buteni hugoma baridi ikifika sifuri. Mpira uliopasuka au kupitwa na tarehe badilisha, lakini mabomba yenyewe mwachie fundi aliyesajiliwa Gas Safe na mwenye ruhusa ya boti. Usijaribu kwa kiberiti, hata mara moja.

Jiko la makaa: kagua kamba ya mlango, nyufa za bomba la moshi, na maungio kwenye dari. Matundu ya hewa milangoni na juu ya paa hayazibwi hata baridi iwe kali vipi. Kengele ya kaboni monoksidi imekuwa sharti la cheti cha usalama tangu Aprili 2019. Ibonyeze kila wiki. Gesi hiyo haina harufu.

7. Maji na choo. Tangi usilolijua lisafishe. Tumia jiki ya kawaida isiyo na manukato, yenye klorini asilimia 5 hivi: mililita 1 kwa kila lita, yaani nusu lita kwa tangi la lita 500. Jaza, fungua kila bomba mpaka unuse klorini, acha saa 1, mwaga yote, suuza mara mbili. Tangi la chuma cha pua usiliache na dawa usiku kucha. Choo cha mkebe humwagwa kwenye kituo chake maalumu tu. Nunua mkebe wa pili mapema.

8. Safari ya majaribio, saa 2, bila loki. Kana (mpini wa usukani) hufanya kazi kama kwenye jahazi: isukume kushoto, omo inakwenda kulia. Kilicho kigeni ni kwamba boti hii huzunguka katikati yake, kwa hiyo omo ikienda kulia tezi inachapa kushoto. Bila rafadha kuzunguka, usukani haushiki. Breki ni rivasi, na tani 15 hadi 20 hazisimami kwa kuombwa: anza kupunguza mapema.

Pita upande wa kulia mkikutana. Kasi ya juu ni maili 4 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, na ukipita boti zilizofungwa shuka hadi mwendo wa chini kabisa wa injini, tangu boti moja kabla ya kuzifikia. Ukiona wimbi linavunjika kando nyuma yako, unakwenda kasi kuliko kina kinavyoruhusu na huongezi chochote ila dizeli. Usizuie boti kwa mguu wala mkono. Usijizungushie kamba mkononi.

Kufunga: kamba ya omo iende mbele, ya tezi iende nyuma, zote kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Kamba ya katikati ni ya kushikilia kwa muda tu. Usilale nayo, kila boti inayopita itakulaza upande.

9. Loki ya kwanza. Inua maboya yote ya ubavuni kwanza. Loki nyembamba zina upana wa futi 7, na boya moja linatosha kuikwamisha boti katikati ya kuta.

Ukishuka, hatari ni kizingiti, jiwe lililojificha chini ya lango la juu. Ukutani kuna mstari mweupe. Tezi ikae mbele ya mstari huo muda wote. Boti ikikalia kizingiti huku maji yakipungua, omo inazama na watu wamo ndani. Mmoja asimame kwenye vilango vya maji (vizibo vya kuingiza na kutoa maji lokini) akimtazama nahodha, si simu. Nahodha akipaza sauti, funga vilango vya chini mara moja, kisha fungua vya juu ili maji yarudi. Usifunge kamba kwa fundo ukishuka.

Ukipanda, kaa mbali kidogo na lango la juu, fungua vilango vya ardhini nusu, subiri boti itulie, ndipo uongeze. Vile vya kwenye lango ni vya mwisho, mawimbi yake yanaweza kujaza sitaha ya omo. Hendeli isiachwe kwenye mhimili wake bila mkono; ikichomoka huvunja mfupa.

Kupanga muda, hesabu maili na loki pamoja kisha gawanya kwa 3. Maili 6 na loki 9 ni saa 5. Loki 21 za Hatton kwenye mfereji wa Grand Union au 30 za Tardebigge ziachie mwezi wako wa pili na boti. Kila jioni angalia matangazo ya kufungwa kwa njia.

Ikileta shida

*Injini inazunguka, haiwaki:* swichi ya kuzimia imebaki imevutwa, au kuna hewa kwenye dizeli. Legeza skrubu ya hewa juu ya filta, piga pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza.

*Injini inapata joto:* angalia mkanda kwanza, kisha hewa kwenye tangi la kupozea lililo ubavuni mwa chuma; lina skrubu yake ya kutolea hewa juu. Kulanti usiifungue ikiwa moto.

*Boti inatetemeka, usukani mzito, moshi mweusi:* kitu kimejisokota kwenye rafadha. Rivasi fupi mara 2. Isipotoka, hatua ya 3.

*Pampu ya maji inalia yenyewe usiku:* kuna uvujaji mahali, au kikombe cha presha kimeishiwa hewa. Zima swichi yake mpaka asubuhi, kisha papasa kila maungio kwa karatasi kavu.

*Umekwama kwenye tope:* usiongeze moto mbele. Hamishia watu upande wenye kina, rudi nyuma ulikotoka, na sukuma kwa upondo kutoka omoni. Kwenye kona, kina kiko upande wa nje.

*Mtu ameanguka majini:* gia nyutro kabla ya jambo lolote lingine, kisha zima injini. Mifereji mingi mtu mzima anaweza kusimama, mwambie asimame. Mkishamtoa, aoge kwa sabuni na afunike vidonda. Akipata homa na maumivu ya misuli ndani ya wiki mbili tatu, amwambie daktari kwamba alianguka mferejini, kwa sababu mkojo wa panya huambukiza leptospirosisi na daktari hataifikiria asipoambiwa.